Uti wa Mgongo Kazini: Fundisho kutoka Milima ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Ifikapo mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, miteremko ya Umatengo katika Wilaya ya Mbinga hubadilika sura. Nyasi zilizofyekwa na kukauka hupangwa juu ya ardhi katika mistari inayokatana, zikafanya miraba mingi midogo. Kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Kisha akina mama huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, hata pakabaki shimo lenye upana wa mita 1.5 hivi, limezungukwa na matuta pande zake nne. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage, na katika msimu unaofuata hupandwa mahindi.

Mashimo hayo ndiyo ngoro. Wamatengo wamezilima kwa zaidi ya miaka 100, tangu karne ya 19 walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni, wakalazimika kupata chakula katika ardhi yenye mteremko mkali. Maji ya mvua hunaswa na mashimo badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, waliuchunguza ufundi huu na kuusifu kuwa ni njia bora ya kuhifadhi udongo.

Hata hivyo, kila ngoro huchimbwa na mtu aliyeinama. Tukisema mlimaji hupiga jembe mara 20 kwa dakika, na kwamba hufanya kazi saa 4 kwa siku, basi ameshusha jembe mara 4,800. Ngoro huulinda mlima. Je, mgongo wa mchimbaji unalindwa na nini?

Swali hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Vijijini kwetu maumivu haya huhesabiwa kuwa ni sehemu ya uzee, au malipo ya kawaida ya kazi ya shamba. Makala haya yataonyesha kwamba sehemu kubwa ya mzigo unaoubeba mgongo hutokana na namna mwili unavyoinama na kugeuka, na kwamba namna hiyo yaweza kufundishwa.

NGUZO YA PINGILI

Uti wa mgongo wa binadamu una pingili 33. Shingoni zimo 7, kifuani 12, na kiunoni 5. Chini ya kiuno kuna pingili 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja, na mwisho kabisa pingili ndogo 4 za kifandugu. Ukimtazama mtu kwa upande utaona kwamba nguzo hii haikunyooka kama mlingoti. Huingia ndani kidogo shingoni, hutoka nje kifuani, na huingia ndani tena kiunoni. Mipindo hiyo mitatu huufanya uti uwe kama springi inayopokea mishtuko.

Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu. Ndani yake mna kiini laini chenye maji mengi, na nje yake pete nyingi za nyuzinyuzi ngumu zilizopishana. Mtu akisimama wima, kiini hubanwa sawasawa pande zote. Akiupinda mgongo kwa mbele, ukingo wa mbele wa kisahani hubanwa na kiini husukumwa kuelekea nyuma, ambako mishipa ya fahamu ya miguu hupita karibu sana. Pete za nyuma zikichoka na kuchanika, kiini chaweza kujitokeza na kuigandamiza mishipa hiyo. Ndipo mtu husikia maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka wayo.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba viungo vya kiuno vimeumbwa kuinama na kuinuka, lakini si kuzunguka. Pingili zote 5 za kiuno kwa jumla haziwezi kuzunguka hata nyuzi 15 kwa upande mmoja. Sehemu ya kifua huzunguka zaidi ya hapo mara mbili na ushei, na nyonga, ambazo ni viungo vya mpira na kikombe, huzunguka kwa urahisi kuliko zote. Kwa hiyo mtu anayetaka kugeuka akiwa ameinama hana budi kuiachia kazi hiyo nyonga, kifua na miguu. Akikilazimisha kiuno, atakidai kitu ambacho hakina.

HESABU YA WENZO

Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni ya wenzo: kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo hupata momenti, na momenti za pande mbili sharti zilingane ili wenzo utulie. Mgongo ulioinama ni wenzo. Egemeo lake ni kisahani cha chini cha kiuno. Upande mmoja upo uzito wa kiwiliwili, kichwa na mikono. Upande wa pili ipo misuli ya mgongo, ambayo imepita sentimeta 5 hivi tu nyuma ya egemeo.

Tumchukue mama mwenye uzito wa kilo 60. Sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno tuikadirie kuwa kilo 30, yaani nyutoni 300. Ameinama sana, hata kitovu cha uzito huo kikawa sentimeta 25 mbele ya egemeo. Momenti ni 300 mara 0.25, yaani 75. Ili kuilinganisha, misuli iliyo umbali wa mita 0.05 sharti ivute kwa nyutoni 1,500. Jembe la kilo 2 lililo sentimeta 60 mbele huongeza nyutoni 240. Mtoto wa kilo 8 aliyefungwa mgongoni, akiwa umbali ule ule wa sentimeta 25, huongeza nyutoni 400.

Jumla ni nyutoni 2,140. Ni kama uzito wa magunia mawili ya kilo 100, na bado jembe halijapigwa, wala udongo haujainuliwa. Kani hiyo yote huishia katika kisahani kimoja.

Sasa mama huyu huyu ainuke kidogo. Apige magoti nusu, asogeze makalio nyuma, akaribie pale anapochimba, hata kitovu cha uzito wake kikawa sentimeta 12 tu mbele ya egemeo. Mwili wake utahitaji nyutoni 720, jembe 240, na mtoto 192. Jumla ni 1,152, karibu nusu ya ile ya kwanza. Mtoto akikaa na bibi yake kivulini, zitabaki 960. Hakuna dawa iliyotumika hapo. Kilichobadilika ni umbali.

VIPIMO NDANI YA MGONGO

Hesabu za ubaoni zimethibitishwa na vipimo. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Uswidi aliingiza sindano yenye kipimo katika visahani vya watu waliojitolea, akapima kanieneo yao wakiwa wamelala, wamesimama, wamekaa na wameinama. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vipya vilivyochukuliwa kwa chombo cha kisasa zaidi katika mgongo wa mtu mmoja mwenye afya njema.

Mtu huyo aliposimama wima, kanieneo ilikuwa megapaskali 0.5. Alipoinama mbele bila mzigo ilifika 1.1. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa kuupinda mgongo ilipanda hadi 2.3, yaani zaidi ya mara 4 ya ile ya kusimama. Alipouinua mzigo huo huo kwa kukunja magoti na kuuweka mgongo sawa ilikuwa 1.7. Na alipoushika karibu na kifua ilishuka hadi 1.1. Mzigo haukupungua hata gramu moja.

FUNDISHO LA MCHEZO WA GOFU

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba wachunguzi wengi wa jambo hili hawakuanzia shambani bali katika viwanja vya gofu. Mbinga haina uwanja wa mchezo huo. Hapa nchini hujulikana zaidi katika vilabu vya miji kama Dar es Salaam na Arusha. Lakini mchezaji wa gofu na mlimaji hufanana sana. Wote wawili huinama wakiwa wamesimama, hushika mpini kwa mikono miwili, huuinua, kisha huushusha kwa kasi kuelekea chini. Tofauti ni kwamba mchezaji hupiga mara chache na kutembea, na mlimaji hupiga siku nzima.

Watafiti walioupima mgongo wa wachezaji wakati wa pigo wamekuta kani zinazoweza kufikia mara 8 ya uzito wa mwili. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachezaji wengi walimaliza pigo wakiwa wamepinda kiuno kwa nyuma mfano wa upinde, na mtindo huo ulikuja kulaumiwa kwa maumivu mengi. Hata bingwa mashuhuri Tiger Woods wa Marekani alipasuliwa mgongo mara kadhaa kuanzia mwaka 2014, na mwaka 2017 pingili zake mbili za chini ziliunganishwa, kabla hajarudi kushinda mashindano makubwa mwaka 2019.

Kutokana na majeraha hayo walimu wa mchezo waliweka kanuni ambazo mlimaji anaweza kuzichukua bila kulipa kiingilio. Kwanza, inama kwa kukunja nyonga wala si kiuno. Mgongo ubaki na mipindo yake ya asili. Pili, magoti yalegee kidogo. Tatu, geuka kwa nyonga na kifua, na uzito wa mwili uhame kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nne, usiupinde mgongo kwa nyuma mwishoni mwa pigo. Tano, uchangamshe mwili kabla ya kuanza.

Ni vema kuongeza kwamba wataalamu wa leo hawaamini kuwa kuna mkao mmoja ulio kamili kwa watu wote. Mgongo ni kiungo chenye uhai, na huimarika kwa kazi. Kinachouchosha ni mzigo mkubwa unaorudiwa mno katika hali ile ile bila mapumziko. Kwa hiyo kanuni hizi ni za kupunguza mzigo, wala hazimkatazi mtu kuinama.

KATIKA SHIMO LA NGORO

Ngoro ina taabu yake maalumu. Udongo hutoka shimoni kwenda pande nne: juu, chini, kulia na kushoto. Anayesimama mahali pamoja na kuurusha udongo kando kwa kuzungusha kiuno anaunganisha mambo matatu kwa mara moja, yaani kuinama, kuzunguka na kubeba mzigo. Hayo matatu yakikutana, pete za nyuma za kisahani huchoka upesi kuliko kwa lolote kati yao peke yake. Dawa yake ni nyepesi: zungusha miguu. Ncha za vidole vya mguu zielekee pale udongo unapokwenda, na kila tuta lichimbiwe kwa kulitazama.

Mteremko nao una hesabu yake. Katika mteremko wa nyuzi 30, mahali palipo sentimeta 80 mbele ya mtu anayetazama juu ya mlima pako sentimeta 46 juu kuliko nyayo zake. Akigeuka kutazama bondeni, umbali huo huo uko sentimeta 46 chini. Tofauti inakaribia mita nzima! Kwa hiyo udongo mgumu uchimbwe, kadiri iwezekanavyo, kwa kuutazama mlima. Lakini kuvuta udongo siku zote kuelekea bondeni huuhamisha mlima kidogo kidogo, na ngoro zilibuniwa kuzuia jambo hilo. Tuta la juu nalo sharti lipate haki yake. Hapo mafungu ya udongo yawe madogo na mapigo yawe ya taratibu.

Halafu kuna mpini. Mpini mfupi humlazimisha mtu kuinama zaidi. Ule mrefu mno husumbua katika mteremko, kwa kuwa jembe huifikia ardhi kabla ya kupata kasi. Mpini hufaa iwapo mtu aliyelegeza magoti na kukunja nyonga anaugusa udongo kwa ubapa wa jembe bila kuuvimbisha mgongo. Basi si haki mama mrefu na binti yake mfupi wagawane jembe moja kana kwamba miili yao ni sawa.

Huko California, Marekani, jambo hili lilifika mahakamani. Vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kutumia jembe lenye mpini usiofika nusu mita, wakainama kutwa. Wenye mashamba walidai kwamba jembe refu lingeharibu mimea. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, na mwaka 1975, baada ya uamuzi wa mahakama ya juu ya jimbo hilo, jembe fupi lilipigwa marufuku. Kilimo kiliendelea.

MWAMBAONI

Barabara itokayo Mbinga huteremka milimani hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, lililo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa, kama vile Liuli na Lituhi, kazi ya mgongo huonekana pia katika mtumbwi. Mvuvi hupiga kafi akiwa amekaa. Mtu akikaa bila kuegemea, nyonga hulala nyuma na mpindo wa kiuno hupotea, kisha juu ya hali hiyo huja mzunguko wa kila pigo la kafi. Mpiga kafi mzoefu huonekana akigeuza mabega na kifua, na hubadili upande kabla misuli ya upande mmoja haijachoka.

Hatari kubwa huja ufukoni. Kano za mgongo uliopinda kwa muda mrefu hurefuka na kulegea, na huhitaji dakika nyingi kurudia hali yake. Mvuvi aliyekaa saa kadhaa, kisha akaruka na kuuvuta mtumbwi mara moja, anautaka mgongo uliolegea ubebe mzigo mkubwa kuliko wote wa siku. Kwanza asimame, atembee kidogo, ajinyooshe. Kisha mtumbwi usukumwe na wengi kwa nguvu za miguu, juu ya magogo yanayoviringika.

SAA YA ALFAJIRI

Visahani vya mgongo hunyonya maji usiku mtu anapolala na hukamuliwa mchana. Ndiyo sababu kila mmoja wetu huamka akiwa mrefu kwa sentimeta 1 hadi 2 kuliko alivyokuwa jioni. Zaidi ya nusu ya urefu huo hupotea katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Katika saa hiyo visahani vimejaa maji, na kuinama huvibana zaidi. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba watu wenye maumivu ya muda mrefu waliojizuia kuinama asubuhi na mapema walipata nafuu. Kwa hiyo safari ya miguu kutoka nyumbani hadi shambani si muda uliopotea, huuandaa mgongo. Mwenye shamba mlangoni aanze na kazi za kusimama kabla ya kushika jembe.

Walimu wanaweza kufanya majaribio mawili darasani. La kwanza: wanafunzi wapime urefu wao mara tu wanapoamka, na tena jioni, kwa ukuta na rula ile ile, kwa siku 5, kisha wachore jedwali. La pili: mwanafunzi asimame, na fimbo iliyonyooka iwekwe mgongoni mwake ikigusa mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini ya kiuno. Ainame huku fimbo ikiendelea kugusa mahali pote patatu. Ikiachana na mahali pamoja, amekunja kiuno badala ya nyonga. Wengi hufaulu baada ya kujaribu mara chache.

MAUMIVU YAKITOKEA

Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe katika wiki chache. Zamani wagonjwa waliamriwa kulala kitandani siku nyingi; siku hizi inajulikana kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Mgonjwa apunguze kazi nzito, lakini atembee na kuendelea na shughuli nyepesi.

Kuna dalili, hata hivyo, zisizovumilika nyumbani. Mguu ukipoteza nguvu au kufa ganzi, mkojo au haja kubwa ikishindwa kuzuiliwa au kutoka, ganzi ikiingia sehemu za siri, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo maumivu yanayoambatana na homa, kukonda au jasho la usiku, kwa maana kifua kikuu chaweza kuingia katika pingili za mgongo, nacho hutibika kikigunduliwa mapema.

Wazee wa Umatengo waliitazama mvua na mteremko, wakabuni shimo dogo linaloushika udongo usiondoke. Elimu ya viungo inatutaka tuutazame na mwili kwa makini yale yale. Kazi ya kuchimba ngoro imewaangukia zaidi akina mama, na wengi wao huifanya wakiwa na mtoto mgongoni na jembe ambalo hawakulichagua. Mpini unaolingana na kimo, miguu inayogeuka pamoja na jembe, mapumziko mafupi kila baada ya ngoro chache, na mikono zaidi katika kuchimba: hayo hayahitaji fedha nyingi. Mwanafunzi aliyejifunza kanuni ya wenzo darasani anaweza kuanza nalo la mwisho, Jumamosi hii, shambani kwa mama yake.